Riwaya Isiyomtaja Mchawi

Kuna rai iliyozoeleka kwa walimu wa fasihi, kwa wahakiki wa magazetini na hata kwa waandishi wenzangu, kwamba riwaya ya njama ya usasaleo ni anasa ya walioshiba. Ilizaliwa Marekani na Ulaya, wanasema, kwa watu wenye umeme, maktaba na muda wa kupoteza. Inasimulia njama kubwa, kisha inakataa kutuambia kama njama hiyo ipo au haipo. Inamfundisha kijana kwamba ukweli hakuna. Nchi ambayo dhahabu yake inachimbwa ikabaki na mashimo, wanaendelea, inahitaji riwaya inayofichua: imtaje mwizi, imkamate, msomaji afunge kitabu moyo wake umetulia. Rai hii husemwa kwa sauti ya uzalendo, na ndiyo maana wachache huthubutu kuipinga. Mimi naipinga, na naipingia hapa Shinyanga, mkoa ambamo kiu ya kutajiwa jina imeua watu wengi kuliko riwaya yoyote ilivyowahi kupotosha.

Kwanza tuelewane tunabishania nini. Mwaka 1966 Mmarekani Thomas Pynchon alichapisha The Crying of Lot 49, kitabu kidogo kuhusu mwanamke aitwaye Oedipa Maas, aliyeachiwa kazi ya kusimamia mirathi ya mpenzi wake wa zamani. Akiwa katika kazi hiyo anaanza kuona alama ya baragumu lililozibwa: ukutani, kwenye stempu, kwenye barua za watu asiowajua. Anaamini amegundua posta ya siri, Tristero, iliyopitisha barua zake chinichini kwa karne kadhaa. Kadiri anavyopeleleza ndivyo ushahidi unavyoongezeka, na ndivyo unavyozidi kutotosha. Mwishoni yuko na mambo manne mkononi: ama mtandao huo upo, ama anaona njozi, ama kuna mtu amemtegea mtego, ama mtego wenyewe anajitungia kichwani. Anaketi katika chumba cha mnada akingoja, na kitabu kinaishia hapo.

Miaka 22 baadaye Mwitaliano Umberto Eco akaandika Il pendolo di Foucault. Wahariri watatu wa kampuni ya uchapishaji mjini Milano, waliochoshwa na miswada ya watu wanaoona siri kila mahali, wanaamua kutunga siri yao wenyewe. Wanachukua karatasi chakavu, kompyuta na historia yote ya dunia, wanaunganisha kila kitu na kila kitu, na kazi yao wanaiita Mpango. Lia, mpenzi wa mmoja wao, anaitazama ile karatasi na kusema inaelekea ni orodha ya mizigo ya mfanyabiashara tu. Lakini watu wa nje wamekwisha kuusikia Mpango na wameuamini. Mhariri Belbo wanamkamata, wanamtaka atoe siri ambayo haipo, anakataa, wanamnyonga.

Wahenga wetu waliliona hili zamani waliposema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Watu huutumia msemo huo kuthibitisha uvumi. Mimi huusikia kama onyo, hasa nusu yake ya pili.

Dhana zinazoendesha riwaya hizi si nyingi, na hakuna hata moja inayomhitaji mkazi wa Kishapu kwenda Milano ili aielewe. Ipo ishara, yaani kitu cha kawaida kinachoanza kusomwa kana kwamba kimeandikwa na mtu. Upo Mpango, yaani imani kwamba hakuna linalotokea bure, kila tukio lina mtungaji aliyejificha. Upo uvumi, unaotembea kwa kasi kuliko anayeukanusha, na kanusho lenyewe huongezwa kwenye ushahidi. Na ipo tamati iliyozuiliwa: mwandishi anakataa kutoa jina la mtungaji huyo. Hii ya mwisho ndiyo inayowaudhi wapinzani wangu, nami nitaitetea kuliko zote.

Tuanze na ishara. Ingia jikoni kwa bibi mmoja wa Usukumani, katika kijiji kilicho mbali na barabara ya lami. Jiko ni mafiga matatu ndani ya kibanda kisicho na dirisha. Kuni hakuna, kwa hiyo anachochea kwa miti mikavu ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichoanikwa juani. Moshi wake ni mzito, wa manjano, unakaa usawa wa uso wa mtu aliyeinama. Miaka 50 ya kupika ugali katika moshi huo yafanya macho yawe mekundu. Na kuni zimekwishaje? Utawala wa kikoloni ulisimamia ufyekaji wa misitu mikubwa ili kufukuza mbung'o, kisha mashamba ya pamba yakala sehemu ya kilichobaki, hali ikawa mbaya hata mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ili kurudisha miti na kufufua ngitili, yaani malisho yanayotengwa ili yaote upya. Macho ya bibi yule yamebeba mbung'o, pamba na sera ya misitu. Ukiyasoma hivyo, umeyasoma kwa historia.

Jirani aliyefiwa na mtoto anayasoma kwa namna nyingine. Kwake macho mekundu ni macho ya mchawi.

Mwanazuoni Simeon Mesaki, aliyechunguza mauaji ya watuhumiwa wa uchawi Usukumani, alitumia takwimu za serikali zinazoonyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma hizo, 2,286 kati yao wakiwa wanawake. Sehemu kubwa ya vifo hivyo ilikuwa katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Sungusungu walipoanza kuchipuka Kahama ili kupambana na wezi wa mifugo, baadhi yao waliwageukia pia wanawake waliosemekana kuwa wachawi. Hayo ni matokeo ya kusoma. Watu walisoma ishara, wakauona Mpango nyuma ya ishara, wakataka jina.

Anayetoa jina hilo ni mganga mpiga ramli. Mtazame anavyofanya kazi. Kifaranga cha kuku kinapasuliwa, mganga anaangalia mbawa, nyama za ndani, mabaka madogo ya damu, na kutokana na hayo anajenga kisa. Kisa kina mwanzo, nao ni ng'ombe aliyekufa au mtoto aliyeugua. Kina katikati, nayo ni wivu wa ndugu, ugomvi wa shamba, neno lililotamkwa kilabuni. Kina mwisho: ni yule jirani wa upande wa machweo. Mteja anatoka ametulia, kwa kuwa maumivu yake yamepata mwandishi. Kwa ufundi wa kusimulia, hiyo ni riwaya ya upelelezi iliyokamilika.

Na hapa nawauliza wanaotaka riwaya inayofichua: ufichuzi mnaoudai una tofauti gani na huo, kwa umbo lake? Nawaheshimu Elvis Musiba na Ben Mtobwa. Willy Gamba na Joram Kiango waliwafanya maelfu ya vijana wetu wapende kusoma, na Musiba alikiita kitabu chake cha mwaka 1981 Njama bila kumung'unya maneno. Ila umbo la hadithi hizo linafundisha jambo moja bila kulitamka: kila baya lina bwana wake, bwana huyo anajulikana kwa dalili, na akishaanguka dunia imepona. Dhidi ya Makaburu na vibaraka wao, umbo hilo lilikuwa na kazi yake, kwani adui alikuwepo, ana bunduki na ana anwani. Likihamishiwa kijijini, kwenye homa ya malaria na mvua iliyokatika, linamtafuta bibi.

Riwaya ya njama ya usasaleo inamchukua msomaji hadi mlangoni kwa mganga, inamwonyesha jinsi dalili zinavyopangwa zikapendeza, inamfanya atamani jina kwa moyo wake wote, halafu haimpi. Anabaki na tamaa yake mwenyewe mkononi, aliangalie umbo lake. Sijui somo la fasihi linalofaa zaidi katika mkoa huu.

Wapinzani wangu hujibu kwa haraka: basi mnawalinda wezi! Mnasema njama ni ndoto, na huku nchi imeibiwa kweli. Hoja hii ina uzito na haitakiwi kupitwa juu juu, maana katika ukanda huu wa dhahabu siri za kweli zimekuwepo. Februari 2007 waziri wa nishati na madini, Nazir Karamagi, alitia saini mkataba wa mgodi wa Buzwagi, ulioko Kahama, akiwa hotelini London. Mbunge Zitto Kabwe alipolipeleka suala hilo bungeni Agosti mwaka huo, aliyeadhibiwa ni yeye, akasimamishwa ubunge kwa miezi kadhaa. Mwananchi aliyesema wakati ule kwamba madini ya Kahama yanaamuliwa vyumbani asikoweza kufika hakuwa mjinga wala mshirikina. Alikuwa amesema kilichotokea.

Kwa hiyo simo pia katika kundi la wale wanaomcheka kila mwenye mashaka. Msomi wa mjini anayedhani kila habari ya njama ni ujinga unaotibika kwa semina amefanya kosa lilelile la mganga, ila kwa upande wa pili: amefunga kitabu kabla ya ukurasa wa mwisho. Uzuri wa Oedipa Maas ni kwamba hajiruhusu lolote kati ya hayo mawili. Uwezekano wa kwanza, kwamba mtandao upo kweli, unabaki hai mpaka mwisho.

Na tofauti kati ya njama ya kweli na Mpango wa kubuni inaonekana kwa matendo. Suala la Buzwagi lilikuwa na tarehe, mahali, saini na mtu wa kuulizwa. Kelele zake zilizaa kamati ya Jaji Mark Bomani, na baadaye sheria mpya ya madini ya mwaka 2010. Lilikuwa jambo lenye kingo. Mpango hauna kingo. Ukiupinga, nawe umo. Ukileta karatasi, karatasi imeghushiwa. Ukinyamaza, umehongwa. Mtu anayejua kutofautisha vitu hivi viwili ni vigumu kumdanganya, awe anayemdanganya ni kampuni, serikali au mganga, na riwaya ninazozitetea zinamfundisha kutofautisha kwa kumpitisha ndani ya vyote viwili.

Tazama makinikia. Machi 2017 serikali ilizuia kusafirisha mchanga huo wa madini nje ya nchi, na makontena 277 yakakwama Dar es Salaam. Mchanga huo ulitoka Bulyanhulu na Buzwagi, migodi ya kampuni ya Acacia. Tarehe 24 Mei kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikatangaza kwamba kwa wastani kila kontena lina kilo 28 za dhahabu. Nyaraka za usafirishaji zilionyesha kama kilo 4. Tarehe 12 Juni ikaja ripoti ya Profesa Nehemiah Osoro, kisha dai la kodi, riba na faini la dola bilioni 190. Mitaa ya Kahama ikagawanyika. Aliyeuliza sampuli zilichukuliwaje na kupimwa wapi aliitwa kibaraka wa mabeberu. Aliyesema kampuni imekuwa ikitudanganya aliambiwa na wenye digrii kwamba haelewi uchenjuaji. Kila upande ulikuwa na Mpango wake, na kila upande ulimtaka mtu achague kabla hajaona kitu.

Mwisho wa kisa hicho unajulikana. Oktoba 2017 kampuni mama, Barrick, ilikubali malipo ya dola milioni 300 na kugawana faida. Shughuli za Bulyanhulu zilisimama, watu wakapoteza kazi. Mwaka 2019 Barrick ikainunua Acacia yote, na mwaka 2020 ikaanza kazi kampuni ya Twiga ambamo serikali ina hisa asilimia 16. Kati ya kilo 4 na kilo 28, makubaliano hayakututajia iliyo sahihi. Wananchi wa Kakola, jirani na mgodi wa Bulyanhulu, wameishi ndani ya tamati iliyozuiliwa, bila kuhitaji profesa wa kuwaeleza maana yake. Kilichokosekana ni hadithi zenye ujasiri wa kukaa hapo walipo, katikati ya namba mbili, bila kukimbilia moja.

Sasa lile shtaka zito kuliko yote, kwamba riwaya hizi zinafundisha kuwa ukweli haupo. Hili si kweli, na nitalijibu kwa jambo chungu. Mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu ili kuipisha kampuni iliyomilikiwa na Sutton Resources ya Kanada. Mashimo yalifukiwa. Ikadaiwa kwamba zaidi ya watu 50 walifukiwa wakiwa hai. Serikali ilikanusha, na Barrick, iliyoinunua Sutton mwaka 1999, ikakanusha pia. Mawakili wa mazingira wa LEAT, akiwemo Tundu Lissu, walilifuatilia suala hilo hadi wakafunguliwa mashtaka ya uchochezi. Mwaka 2002 ofisi ya msuluhishi wa Benki ya Dunia ikasema haikuona ushahidi wa kuyathibitisha madai hayo.

Mbele ya kisa hiki, nani awezaye kusema ukweli haupo? Ama watu walikuwemo mle mashimoni ama hawakuwemo. Jibu lipo, na halitegemei mtazamo wa mtu. Riwaya ya njama ya usasaleo haijawahi kulikana hilo. Inachosema ni kwamba uhakika wangu mimi si ushahidi, hata ukiwa mkubwa kiasi gani, hata ukiwa umezaliwa na uchungu wa haki. Mtu anaweza kuamini kwa dhati kwamba walifukiwa, mwingine akaamini kwa dhati kwamba ni uzushi, na dhati za wote wawili zisifukue hata koleo moja la kifusi. Riwaya inayofichua ingetuandikia ukurasa wa mwisho wa Bulyanhulu, tungelia au tungefurahi, na dai la uchunguzi huru lingelala. Riwaya isiyofunga inaliacha dai likiwa wazi kwa kuwa limebaki wazi kweli.

Lipo jambo jingine linalotokea duarani, yaani kwenye shimo la mchimbaji mdogo, na hapo nusu ya pili ya ule msemo wa wahenga, kama halipo laja, inatimia. Kati ya mwaka 2007 na 2009 mauaji ya watu wenye ualbino yalishika kasi kanda ya ziwa. Watafiti wakiongozwa na Deborah Bryceson waliyahusisha mwaka 2010 na uchimbaji mdogo wa dhahabu na almasi: mtu anashuka duarani mwezi baada ya mwezi, mawe yake yanapita karashani hayatoi kitu, jirani yake anapiga mwamba ndani ya wiki moja, na bahati hiyo inatafutiwa maelezo. Mganga anayo. Mahali fulani mtu alitamka kwamba kiungo cha mwenye ualbino kinavuta dhahabu. Neno hilo halikuwa kweli siku lilipotamkwa na halijawa kweli hadi leo, lakini likapata bei, likapata mnunuzi, likapata wakala, na ule Mpango uliokuwa hewani ukawa mtandao halisi wa wauaji. Ndivyo Belbo alivyokufa kitabuni. Huku walikufa watoto. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua kijana mdogo mwenye ualbino, hukumu ya kwanza ya aina yake nchini. Januari 2015 waziri wa mambo ya ndani, Mathias Chikawe, akatangaza marufuku ya upigaji ramli. Sheria ya uchawi yenyewe ipo tangu mwaka 1928. Sheria inamfikia muuaji baada ya kisa kuaminiwa. Kinachoweza kumfikia kabla, wakati kisa kinatungwa, ni uzoefu wa kuona visa vikitungwa, na huo tunaupata kwenye fasihi.

Mpango haukomei duarani. Mwigizaji wa filamu Steven Kanumba alikuwa mtoto wa Shinyanga. Alipofariki Aprili 2012 nchi nzima ilikuwa katika homa ya uvumi wa Freemason, na kifo chake kikaingizwa humo kabla hata ya mazishi. Polisi, daktari na mahakama walifanya kazi yao, ila kwa wengi haikusaidia. Ishara zilikuwa zimeshasomwa, kuanzia filamu aliyocheza hadi ishara za mikono kwenye picha zake.

Kuhusu shtaka la ugeni wa riwaya hizi, nisiseme mengi. Aliyeandika Nagona (1990) na Mzingile (1991) ni Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe, kisiwa cha ziwa hilihili ambalo maji yake yananywewa Shinyanga na Kahama. Tangu vitoke tumekariri kwamba vitabu hivyo ni mafumbo yaliyoazimwa Ulaya. Ni kweli Nietzsche na Marx wamo katika Nagona, lakini anayetafuta humo anatafuta kwa mwendo wa ngano zetu, kutoka kwa mzee hadi kwa mzee, kila mmoja akimpa jibu linalofungua swali. Kyallo Wadi Wamitila katika Bina-Adamu! (2002) akampeleka msimulizi wake kuzunguka dunia akiandama nyayo za mmoja aitwaye P.P., ambaye kila baya linaelekezwa kwake. Tuna riwaya ya njama ya Kiswahili kwa zaidi ya miaka 20 na bado tunajadili kama inatufaa.

Wanasema pia kwamba msomaji wa kawaida haiwezi. Nimewasikia wachimbaji wa Nyarugusu, Geita, wakibishana kuhusu kifusi kimoja: mmoja anasema kina dhahabu kwa rangi yake, mwingine anasema rangi inadanganya, wa tatu anasema aliyekimwaga alitaka wadhani hakina kitu ili arudi usiku. Huyo wa tatu yuko tayari ndani ya The Crying of Lot 49. Wanamalizia kwa kuchukua karai, kuponda, kuosha na kutazama mabaki. Wanajua kubeba dhana tatu zinazopingana mpaka kitu chenyewe kioshwe, na wanajua pia kwamba kipo kifusi ambacho hakuna atakayepata ruhusa ya kukiosha.

Ningependa Mzingile isomwe katika sekondari za Kahama na Geita, na isomwe pamoja na muhtasari wa ripoti ya Mruma, taarifa ya kampuni ya mwaka huohuo, na hukumu ya Septemba 2009. Mwanafunzi asiulizwe nani mkweli. Aulizwe ni ushahidi gani, ukiletwa kesho asubuhi, ungemfanya aache anachokiamini leo kuhusu makontena yale, kuhusu mashimo ya Bulyanhulu, kuhusu bibi wa jirani mwenye macho mekundu. Asiyepata jibu arudie kitabu kuanzia sura ya kwanza.